Muulize Dokta: Udokta unasomwa miaka mingapi, hapa kwetu na huko nje?

Toka matokeo ya fomu siksi yatoke, masuali yanayokuja kwenye ukurasa huu karibu yote ni ya udokta. Wazazi wanauliza, watoto wenyewe wanauliza, hata mabibi wanauliza kwa niaba ya wajukuu zao. Kwa hiyo safari hii masuali ya presha na sukari nimeyaweka pembeni, nimechukua haya ya masomo tu, nimeyapunguza urefu kidogo.

SUALI: Assalaam alaykum dokta. Mimi ni mama, naandika kutoka Wete. Mwanangu kamaliza fomu siksi skuli ya Fidel Castro, kachukua PCB, kapata B ya Bayolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, na anataka udokta tu hasikii jengine. Sasa mjomba wake yupo Canada kanambia udokta ni miaka 10 na zaidi, kijana wa jirani kasomea India anasema miaka 5 na nusu, juzi kaja ejenti na karatasi yake ya China imeandikwa miaka 5, alafu shemeji yangu ananambia pale Mbweni kuna udokta wa miaka 3. Nani muongo hapa? Baba yake kishastaafu, nataka nijue najifunga miaka mingapi kabla sijaingia.

JIBU: Wa alaykumus salaam mama yangu, na hongera kwa kijana. Hapo hakuna muongo hata mmoja, isipokuwa kila mtu kaanza kuhesabu pahala pake na kasimama pahala pake. Mjomba anahesabu mpaka mtu apate leseni ya Canada, kijana wa India kauhesabu na mwaka wa utarajali, ejenti mwaka huo kauacha nje kwa sababu karatasi yenye miaka 5 inauzika kuliko yenye 6, na shemeji anazungumzia kozi nyengine kabisa. Mimi siku zote nawambia wazazi wasiulize kozi miaka mingapi, waulize hivi: kutoka siku mtoto anatoka skuli mpaka siku anasaini cheti cha dawa kwa jina lake mwenyewe bila mtu kumsimamia, ni miaka mingapi? Ukiuliza hivyo hakuna atakayekuzungusha.

Hapa kwetu Tanzania jibu ni 6. Digrii ya MD, yani digrii yenyewe ya udokta, ni miaka 5 na baada yake mwaka mmoja wa utarajali, ule ambao vijana wanauita intanshipu. Miaka miwili ya mwanzo ni ya darasani na maabara zaidi, anatomia, fiziolojia, bayokemia, kisha patholojia na famakolojia, hapo ndo wengi wanapolia mana mzigo wa kusoma haufanani hata kidogo na ule wa fomu siksi. Miaka inayobaki wanaingia wodini, wodi za watoto, za wazazi, upasuaji, magonjwa ya ndani, wanafuata raundi asubuhi na wanasimamishwa mbele ya kitanda cha mgonjwa waeleze walichokiona. Wakishafuzu ndo utarajali, mwaka mzima wanazunguka idara zile kubwa, wanalipwa posho na wanafanya kazi kweli kweli ila chini ya mkubwa. Bila ya mwaka huo digrii ipo ukutani lakini leseni ya kujitegemea hakuna, na hilo mama lishike sana.

Matokeo ya mwanao yanamruhusu kuomba, vyuo vinataka C ya Kemia, C ya Bayolojia na D ya Fizikia, yeye vyote anavyo, ila ushindani ni mkubwa kwa hiyo asiombe chuo kimoja akakaa kusubiri. Aombe SUZA, chuo kikuu cha taifa cha hapa hapa Zanzibar, aombe Muhimbili, aombe na vya Dodoma, Moshi na Mwanza. Watu wanasahau kwamba zamani hata huo uchaguzi haukuwepo. Kizazi cha wazee wetu aliyetaka udokta ndani ya Afrika Mashariki njia yake ilikuwa Makerere, Uganda, ambako udokta unasomeshwa toka 1924. Dar es Salaam skuli ya udokta ikaja 1963, na hapa visiwani Wakuba wa chuo cha Matanzas, Cuba, ndo waliotusomeshea vijana wetu hapa hapa nyumbani mpaka kundi la mwanzo likafuzu 2013. Leo mtoto wa Wete anaweza kuwa daktari bila ya kuvuka zaidi ya Unguja, mimi hilo naliona jambo kubwa na sichoki kulisema.

Shemeji wa Mbweni sasa. Ile ni diploma ya utabibu, kweli ni miaka 3, zamani kilikuwa chuo cha afya peke yake, sasa kipo chini ya SUZA. Anayemaliza pale anakuwa tabibu, anatibu, anaandika dawa, na sisi sote tumezoea kumwita dokta na anastahiki heshima hiyo, vituo vyetu vya afya vingi vinasimama kwa ajili yao. Ila si MD na mipaka ya kazi yake ni mingine. Kama mwanao kakosa nafasi ya MD mwaka huu hiyo si njia mbaya hata chembe, nimeijibu zaidi kwenye suali la tatu.

India, kijana wa jirani kasema sawa, miaka 4 na nusu ya masomo na mwaka mmoja wa utarajali, jumla 5 na nusu. China zile kozi za Kiingereza za wageni ni 5 na mwaka mmoja wa utarajali, jumla 6, yani sawasawa na hapa kwetu. Ukimuona ejenti tena muulize mambo matatu tu mbele ya shahidi: utarajali unafanyika wapi, chuo hicho kinatambuliwa na TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, na Baraza la Madaktari litamsajili akirudi? Akianza kuzunguka funga mkoba wako. Kuna vijana wamerudi na vyeti vizuri tu wamekaa nyumbani muda mrefu wanahangaika na kutambuliwa na mitihani ya baraza, na miaka hiyo ya kusubiri haipo kwenye karatasi ya ejenti yoyote.

Mjomba wa Canada naye kasema kweli. Kule, na Marekani hivyo hivyo, mtoto hatoki sekondari akaingia udokta. Kwanza anasoma digrii ya kawaida miaka 4, anafanya mtihani wa kuingilia, alafu udokta wenyewe miaka 4, alafu residensi, yani mafunzo ya hospitali baada ya kufuzu, ambayo kwa daktari wa familia Canada ni miaka 2 na Marekani 3, na kwa mpasuaji wa ubongo Marekani inafika 7. Kwa hiyo kutoka sekondari mpaka daktari wa familia ni 10 au 11. Kwa nini wao wamerefusha hivyo? Zamani Marekani ilikuwa na vyuo vya udokta vya biashara, mwenye pesa anaingia, anasikiliza mihadhara kidogo anatoka daktari hata mgonjwa hajamgusa. Johns Hopkins ilipofungua skuli yake 1893 ikasema sisi hatumchukui mtu asiye na digrii ya kwanza, na 1910 bwana mmoja Abraham Flexner akatoa ripoti iliyovianika vile vyuo vibovu kimoja kimoja, vingi vikafungwa na mtindo wa Johns Hopkins ndo ukawa wa nchi nzima. Ulaya haikupita njia hiyo, kule mtoto anatoka sekondari moja kwa moja kama huku, na sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mafunzo ya udokta yasipungue miaka 5 na saa 5,500. Ujerumani ni 6, na mwaka wa mwisho wote ni wa hospitali. Uingereza kwa kawaida ni 5, kisha miaka 2 ya mafunzo ya awali hospitalini, na mtu anasajiliwa kikamilifu akimaliza ule wa kwanza.

Na kabla watu hawajasema kwetu tunafundishwa haraka haraka, tazameni hapa hapa Afrika. Kenya ni 6 na mmoja wa utarajali. Uganda ni 5 na mmoja kama sisi. Afrika Kusini vyuo vingi ni 6, kisha utarajali miaka 2, kisha mwaka mmoja wa kuitumikia jamii, kwa hiyo miaka 9 ndo mtu anakuwa huru. Misri walikuwa 6 na mmoja, wakabadilisha ikawa 5 na miwili, jumla ile ile 7 lakini muda mwingi zaidi kaupata mgonjwa.

Mama yangu, ushauri wangu mimi kama ningekuwa mimi ndo mzazi: mwanao akipata nafasi hapa nchini asome hapa nchini, nje aende baadae kwa ubingwa. Kuna suala la pesa, udokta ni katika kozi zinazopewa kipaumbele kwenye mikopo, bodi ya taifa ipo na ya Zanzibar ipo, wakati kwa ejenti unatoa mfukoni mwako au unauza kiwanja. Lakini kubwa zaidi kwangu ni mgonjwa. Mtoto anayesoma hapa anasoma kwa wagonjwa atakaokuja kuwatibu, mama anayesema ana chango anamuelewa, mtoto mwenye seli mundu kishamuona mara nyingi kabla hajafika utarajali. Namjua kijana mmoja kasomea nje, nchi siitaji, mwerevu mno, mitihani yote kapita, lakini miaka yote wodini alikuwa anasimama nyuma kwa sababu wagonjwa hawajui Kiingereza na yeye lugha yao hakuijua vya kutosha, karudi hapa hajawahi kuzalisha kwa mkono wake.

Na mwaka wa utarajali ndo unapomfichua mtu. Wodi ya wazazi, saa tisa ya usiku, mama kishajifungua salama, kondo la nyuma limetoka, mara damu inamwagika haisimami. Mtarajali sura hiyo ya kitabu anaijua kwa ghibu, lakini pale anatakiwa mkono uwe juu ya tumbo unasugua kizazi kikaze, mdomo umwambie nesi alete oksitosini, macho yatafute mshipa wa pili wa kutia dripu, amuulize mama jina lake ajue kama bado ana fahamu, na mtu atumwe akamwite mkubwa, yote hayo kwa pamoja. Yule kijana aliyesomea nje siku ya kwanza aliganda. Mkunga mkongwe akamshika mkono akauweka panapotakiwa, akamwambia kaza hapa mwanangu usiachie. Mwaka ulipomalizika ndo yeye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Kwa hiyo mzazi asiuone ule mwaka wa sita ni wa kupotezewa muda.

SUALI: Shikamoo dokta, mimi ni msichana nipo Mkoani, namaliza fomu foo mwaka huu na sayansi naipenda. Nasikia kuna ufadhili wa Uturuki, Cuba na Urusi, je ni miaka mingapi na lugha inakuwaje? Na shangazi yangu ananambia udokta si wa mtoto wa kike, nitamaliza nishakuwa mzee nitaolewa lini. Nishauri.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na hizo nchi. Uturuki udokta ni miaka 6 na mwaka wa mwisho ndo wa utarajali, lakini ukienda kwa ufadhili wa serikali yao kwanza kuna mwaka wa kujifunza Kituruki, kwa hiyo weka 7. Rais wetu Dk. Hussein Mwinyi udokta wake kausomea huko, Chuo cha Marmara, Istanbul, ndo baadae akaenda kwa masomo ya juu hospitali ya Hammersmith, London, kwa hiyo si njia mpya kwa Mzanzibari. Cuba ni 6, wana skuli yao kubwa ya kusomesha madaktari wa mataifa mengine Havana toka 1999, na asiyejua Kispanyola anaanza na masomo ya lugha. Urusi ni 6 na mwaka wa matayarisho ya Kirusi, 7 pia.

Lugha usiiogope ila usiidharau. Darasani utaona unakwenda nayo vizuri, shida inakuja wodini, mgonjwa hazungumzi kama kitabu, analia, anakatisha maneno, anatumia lafudhi ya kijijini kwao, na wewe unatakiwa umuelewe maumivu yalianza lini na yanakwenda wapi. Wenzangu waliosomea Cuba na Uturuki waliofanikiwa wote wana jambo moja, walikaa na wenyeji, hawakujifungia bwenini na Watanzania wenzao kutwa kuzungumza Kiswahili. Ukienda fanya hivyo hivyo.

Ila hesabu yako wewe ianze karibu zaidi. Una miaka 2 ya fomu faivu na siksi mbele yako, uchague PCB, na somo la hesabu usilitupe. Huku Pemba wapo watoto wa kike wengi wazuri wa sayansi wanaikimbia Fizikia kwa sababu skuli yao haina mwalimu wa Fizikia wa kutosha, na Fizikia hiyo hiyo ndo inayowafungia mlango wa udokta. Kama ndo hali yenu, kaeni kikundi mumtafute mwalimu awasomeshe jioni, hata akiwa ni kijana aliyemaliza fomu siksi anasubiri chuo, mwambieni mzazi mmoja asimamie. Hilo lianze sasa hivi wala lisingoje fomu faivu.

Kuhusu shangazi. Mpe heshima yake, anakupenda na anaogopa kwa ajili yako, lakini mwambie kwa upole hesabu yenyewe. Ukimaliza fomu siksi na miaka 20, hapa kwetu ukiwa na 26 ushakuwa daktari mwenye leseni, uzee uko wapi hapo? Mimi mwenyewe nimeolewa nikiwa mwaka wa tatu wa MD, mtoto wangu wa kwanza nimempata kabla ya utarajali, nilichelewa kidogo nikamaliza. Haikuwa rahisi, mama yangu alihamia kwangu anilelee na mume wangu alikuwa anapika, siku za onkoli, yani zamu za kuitwa, nilikuwa narudi nyumbani miguu imevimba. Lakini ilikwenda. Kinachotakiwa ni mume ajue tangu siku ya posa kwamba anaoa daktari, na wazee wa pande zote wakae waelezwe kuhusu zamu za usiku mapema, wasije kushtuka baadae. Na wodi zetu za wazazi zinawataka madaktari wanawake, kuna mama anafika hospitali kachelewa kwa sababu tu kaona haya kutazamwa na mwanamme, hili naliona kila wiki na linaniuma. Mwambie shangazi hilo, yeye ni mwanamke atalielewa haraka kuliko mtu yeyote.

SUALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni tabibu, nina diploma, nafanya kazi kituo cha afya Kaskazini Unguja mwaka wa 6 sasa. Nataka MD. Kwa uzoefu wangu si nitaanzia mwaka wa tatu? Nimesoma mambo mengi tayari na wagonjwa nawaona kuliko hao wanafunzi.

JIBU: Nzuri dokta mwenzangu. Hapana, unaanza mwaka wa kwanza pamoja na waliotoka fomu siksi, na najua inauma. Hesabu yako ni 3 ya diploma, 5 ya MD na mmoja wa utarajali, jumla 9 ukiacha miaka ya kazi. Zamani kulikuwa na ile njia ya AMO, tabibu anaongeza miaka 2 anakuwa daktari msaidizi, na hao ndo waliofanya upasuaji wa uzazi kwenye hospitali nyingi za wilaya huko Bara kwa miaka mingi na wakaokoa kina mama wasiohesabika, ila mafunzo hayo yamesitishwa. Kwa maoni yangu njia ya kati ilitakiwa iwepo, mtu aliyetibu malaria na nimonia miaka 6 kumrudisha benchi moja na mtoto ambaye hajawahi kushika stethoskopu ni kupoteza nguvu ya watu, na nimelisema hili kwenye vikao na nitaendelea kulisema. Lakini wewe usisubiri vikao.

Kuomba unahitaji GPA isiyopungua 3.0 kwenye diploma na ufaulu wako wa fomu foo kwenye sayansi, kwa hiyo vitoe vyeti ukague kwanza. Ukikuta huna Fizikia ya fomu foo, jisajili urudie kama mtahiniwa wa kujitegemea, watu wazima wanafanya. Alafu kwa mwajiri omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla hujaondoka, usije ukaacha kituo kimya kimya ukapoteza ajira na mshahara kwa pamoja. Mwaka wa kwanza na wa pili utateseka na bayokemia mana umeiacha siku nyingi, ila ukifika wodini utawaacha wenzako mbali sana, matabibu niliosoma nao ndo walikuwa walimu wetu wa kutia kanula na kushona vidonda.

SUALI: Nipo Chake. Ndoto yangu ni kuwa bingwa wa moyo. Miaka mingapi jumla na nchi gani fupi?

JIBU: Kwa Tanzania ni 5 ya MD, mmoja wa utarajali, 3 ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, kisha 2 ya moyo, jumla 11 za masomo peke yake, na watu wengi katikati wanafanya kazi kwanza kwa hiyo ongeza. India ni 5 na nusu, kisha 3, kisha 3 nyengine, jumla 11 na nusu. Marekani 4, 4, 3 na 3, jumla 14. Uingereza 5, 2, 3 na 5, jumla 15. Ukitazama vizuri tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani, na hiyo ya Uingereza na Marekani mtu anakuwa analipwa mshahara tangu anapoanza mafunzo ya hospitali. Jihadhari na herufi tu: MD ya hapa ni digrii ya kwanza, MD ya India ni ya ubingwa inayosomwa juu ya MBBS, digrii yao ya kwanza ya udokta, kwa hiyo ukiona tangazo la MD miaka 3 India usidhani umepata njia ya mkato kutoka fomu siksi.

Usichague nchi kwa ufupi. Chagua pahala penye wagonjwa wengi wa moyo na mkubwa anayekuachia ufanye. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo hapo Muhimbili, ng'ambo tu ya bahari, wanaopelekwa kule kutoka visiwani ni wengi, na unaweza kusomea ubingwa wako umesimama mbele ya watu wa kwenu. Kwanza lakini pita MD.

SUALI: Dokta mdogo wangu alikuwa anasoma udokta Khartoum, alikuwa mwaka wa nne vita vikaanza akarudishwa nyumbani na wenzake. Mpaka leo anahangaika. Ile miaka imekwenda bure? Aanze upya?

JIBU: Pole sana, kwake na kwenu nyote. Vita vya Sudan vilivyoanza Aprili 2023 vimewakatia njia vijana wengi wa kwetu, kama vya Ukraine 2022 vilivyowakatia wengine, na hakuna ejenti wala jedwali la miaka linaloweza kukuonyesha hilo kabla hujaondoka.

Haikwenda bure mpaka chuo kiseme hivyo kwa maandishi. Vyuo vyengine vya Sudan vimehamishia masomo miji mingine na nchi za nje, kwa hiyo kwanza ajue chuo chake kiko wapi sasa na kama anaweza kumalizia huko. Kama anataka kumalizia hapa, anahitaji transkripti ya miaka yote aliyosoma na mtaala wenye maelezo ya kila somo na saa zake, apeleke TCU na chuo anachokitaka, waangalie masomo gani wanayakubali. Ajiandae kisaikolojia kwamba huenda wasimpe mwaka ule ule aliokuwa nao, mara nyingi wanamrudisha nyuma ili asome mitaala ya hapa, lakini kurudi nyuma kidogo si sawa na kuanza sifuri. Asikubali kulipa ada ya mwaka wa kwanza popote kabla barua ya majibu haijatoka.

Na kama transkripti bado hana, leo hii aanze kuwatafuta walimu wake na ofisi ya msajili kwa baruapepe, na wale wanafunzi wenzake waliokuwa darasa moja, mana aliyefanikiwa kuzipata zake anajua ni nani anayejibu.